Trekta Mpya na Mwenyewe

Maneno haya nimeyaandika kwa ajili ya mkulima aliyekwisha kununua trekta, au aliye karibu kununua, naye hajapata kuwa na mashine ya namna hii maishani mwake. Sisemi habari za kuchagua trekta wala za mikopo, maana hayo yana maneno yake marefu. Nasema habari za siku za kwanza, tangu trekta ishushwe katika lori mpaka itimize saa 50 za kazi. Katika kazi yangu hapa Tabora nimeona matrekta yaliyokufa yangali machanga, na aliyeyaua ni mwenyewe, si kwa ubaya wa moyo, bali kwa kutojua.

Mwezi wa Septemba mzee mmoja wa Gongoni alinituma mtoto kuniita. Nilipofika uani kwake alinisalimu, kisha akacheka akasema, “Bwana Shamba, njoo umwone mgeni wetu.” Mgeni alikuwa chini ya mwembe, rangi yake ikimetameta, na watoto sita wamempanda. Mzee huyu na nduguze wawili walikuwa wameuza mpunga wa miaka mitatu na ng’ombe tisa, na fedha iliyopungua wakakopa. Mpwa wao, kijana hodari aliyekuwa dereva wa lori kwa miaka mingi, ndiye aliyepewa usukani.

Nikauliza, “Mzee, imekwisha kufanya kazi gani?”

“Bado, Bwana Shamba. Imebeba matofali ya jirani tu, safari mbili.”

Nikatazama saa ya injini, nikaona saa 7. Nikauliza kama oili imepimwa. Wakatazamana. Nikauliza kitabu cha trekta ki wapi. Mzee akaniambia ya kwamba kimo kabatini, ndani ya mfuko wake wa nailoni, wamekitunza kisichafuke. Yule kijana akasema, “Shikamoo, Bwana Shamba. Lakini gari si gari? Mimi nimeendesha tani kumi toka Dar es Salaam mpaka Kigoma.” Nikaitikia marahaba, nikamwambia tuketi.

Asidhani mtu kwamba ujinga huu ni wa wakulima wadogo peke yao. Hapa kwetu, upande wa magharibi, katika njia ya reli iendayo Kigoma, iko Urambo, iliyo mojawapo ya mahali patatu palipochaguliwa na serikali ya Uingereza kwa ule mpango mkubwa wa karanga. Nyingine zilikuwa Kongwa na Nachingwea. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Walikusudia kulima ekari 150,000 katika mwaka ule wa kwanza, na baadaye zaidi ya ekari milioni 3. Yaliletwa matrekta mengi, na mengi ya hayo yalikuwa mabaki ya vita, yaliyokwisha kuchoka. Madereva walifundishwa kwa haraka, mafundi hawakutosha, vipuri havikufika kwa wakati, na udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama sakafu, tena una mchanga ulao chuma. Kabla mwaka haujaisha sehemu kubwa ya mashine zile zilikuwa zimelala, na zilizopandwa zilikuwa ekari kama 7,500 tu. Mnamo Januari 1951 mpango ulivunjwa, na hasara ilihesabiwa kuwa pauni milioni 36. Waliofanya hayo walikuwa na wahandisi na karakana. Wewe una spana tatu na mpwa wako. Basi yakupasa kuwa mwangalifu kuliko wao.

Nilimweleza yule kijana tofauti ya lori na trekta. Lori hukimbia, nalo likishuka mteremko injini hupumzika. Trekta ikizamisha plau ardhini huvuta kwa nguvu moja tangu asubuhi hata adhuhuri, pasipo mteremko wala pumziko. Tena lori hupita juu ya vumbi, lakini trekta hufanya kazi katikati ya vumbi. Kwa hiyo katika nchi ya kichanga kama yetu, adui wa kwanza wa injini ni vumbi. Injini huvuta hewa nyingi mno, na hewa hiyo ikiingia na mchanga, silinda na ringi husuguliwa kama kisu kinavyosuguliwa kwenye jiwe. Ndipo utakapoona moshi wa buluu, oili inapungua kila siku, na nguvu zimekwisha, nawe utasema ya kuwa umeuziwa trekta mbovu.

Hewa hupita kwanza katika chujio. Machujio ni ya namna mbili. Matrekta ya zamani yana bakuli la oili, na vumbi hunaswa humo. Fungua bakuli lile, na ukiona tope limejikusanya kitakoni, mwaga, osha, tia oili safi mpaka alama yake, usizidishe. Matrekta mapya yana chujio la karatasi. Hilo usilioshe kwa dizeli wala usiligonge juu ya chuma. Lipulizwe kwa upepo wa pampu usio na nguvu nyingi, kutoka ndani kuelekea nje, kisha ulitazame mbele ya jua. Ukiona mwanga umepenya mahali kama tundu la sindano, litupe ununue jingine. Tena kagua bomba la mpira liendalo toka chujio mpaka kwenye injini. Bomba likipasuka, chujio zuri halikusaidii kitu, maana mchanga umepata mlango wa nyuma. Wakati wa kulima karanga katika kichanga kikavu, kazi hii ni ya kila siku. Nimewahi kuambiwa kwamba naisema mno. Kweli naisema mno.

Dizeli nayo yataka usafi. Desturi ya kununua kwa madumu imeenea, na madumu hayo pengine jana yalibeba maji. Acha dizeli itulie siku moja kabla ya kuitia, na iliyo chini kabisa usiitumie. Chuja kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Jaza tangi jioni, si asubuhi, kwa sababu tangi likilala tupu, hewa iliyomo hupoa usiku na kutoa matone ya maji, na maji hayo huharibu pampu ya dizeli, ambayo bei yake itakutoa machozi.

Kila asubuhi, trekta ingali baridi na imesimama mahali pa sawasawa, mwenyewe aizunguke kabla ya kuiwasha. Nasema mwenyewe, hata kama ana dereva. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena ndipo usome. Tazama maji ya rejeta. Injini ikiwa ya moto usifungue kifuniko, maana maji yaliyobanwa humo hurukia uso na kuunguza vibaya. Bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Inama utazame chini kama kuna tone lililoanguka usiku, ujue limetoka wapi. Shika nati za magurudumu kwa spana. Trekta ikiwa mpya nati hizo hulegea, nasi tulipozishika zile za mzee, baada ya saa 7 tu, mbili zilizunguka. Tia grisi katika vichuchu vyote vilivyoonyeshwa katika kitabu, ukifuta kwanza kila kichuchu, usije ukasukumia mchanga ndani pamoja na grisi. Kazi hii yote haizidi robo saa. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliokuwa wakibeba mizigo katika njia ya Bagamoyo na Ujiji, walijua vema ya kuwa mzigo uliofungwa vibaya alfajiri humwumiza mtu bega kabla ya jua kupanda.

Sasa nasema habari ya saa 50 za kwanza. Vyuma vipya bado havijazoeana. Usiitwishe trekta mzigo wa mwisho wa nguvu zake, wala usiiache ikinguruma bure muda mrefu pasipo kazi, maana yote mawili hudhuru. Ipe kazi ya kadiri, na ubadilishe mwendo mara kwa mara. Ukiiwasha, iache ipate moto kidogo kabla ya kuvuta. Ukitaka kuizima baada ya kazi nzito, iache izunguke polepole dakika 2 au 3. Mguu usikae juu ya klachi. Madereva wa lori wana ugonjwa huu, nao humaliza klachi mpya kwa msimu mmoja. Kisha, saa zile zitakapotimia kama kitabu kisemavyo, na katika matrekta mengi ni 50, mwaga oili ya kwanza, badili na chujio lake, ukaze bolti zote.

Kijana alisikiliza haya kwa adabu, lakini niliona macho yake yako kwenye plau. Basi nikamsimulia lililonipata mimi.

Nilipokuwa kijana katika shamba la shule moja, niliagizwa kung’oa kisiki cha mninga. Nilifunga mnyororo nyuma ya trekta, si chini kwenye chuma cha kuvutia, bali juu, katika tundu la ule mkono wa kati, kwa kuwa palikuwa karibu na mkono wangu. Nikatia gia, nikaachia klachi. Kisiki hakikutoka. Magurudumu ya nyuma hayakuweza kwenda mbele, na nguvu ya injini haikuwa na pa kwenda ila kuizungusha trekta yenyewe, na magurudumu ya mbele yakainuka. Niliona majani ya miti mahali pa njia. Mguu wangu ulikanyaga klachi pasipo mimi kufikiri, trekta ikaanguka chini kwa kishindo, nikashuka magoti yakitetemeka. Tangu magurudumu kuinuka mpaka trekta kumlalia dereva, muda wake haupati pumzi mbili. Mnyororo, kamba, tela, kila kitu kinachovutwa, kifungwe chini, chini kuliko ekseli ya nyuma. Hapana udhuru.

Jambo hili liliua watu wengi katika nchi za wenzetu zamani, plau iliposhikwa na mzizi au jiwe. Bwana Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, alitengeneza namna ya kufunga plau kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, ili plau ikikwama nguvu ile iukandamize upande wa mbele badala ya kuuinua. Trekta yake ndogo iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 ilieneza namna hiyo, na leo matrekta mengi mno hufungwa hivyo. Lakini mikono mitatu humlinda yule aliyeifunga sawasawa. Mnyororo uliofungwa juu haulindwi na Ferguson wala na mtu mwingine.

Katika nchi yetu ya miyombo visiki ni vingi, hata katika shamba lililolimwa miaka kumi kwa jembe la mkono, kwa sababu jembe hukizunguka kisiki na wazee hukiacha. Kabla ya kuingiza trekta, tembea shamba lote kwa miguu, upige mambo kando ya kila kisiki na kila kichuguu, uyafunge vitambaa. Kwa shamba jipya yafaa plau ya sahani, maana sahani huzunguka na kupanda juu ya mzizi, lakini plau ya kupindua hushikwa na kuvunjika.

Jambo la breki nalo. Trekta ina kanyagio mbili za breki, moja kwa kila gurudumu la nyuma, ili ipate kugeuka kwa ufupi mwisho wa tuta. Ukiingia barabarani, ziunganishe kwa kile kichuma chake. Ukisahau, ukakanyaga moja katika mwendo wa kasi, trekta hugeuka ghafula na kupinduka. Na watoto wasipande, si juu ya bampa, si juu ya chuma cha nyuma. Kiti ni kimoja, na mtu ni mmoja. Mzee alinung’unika kidogo kwa ajili ya wajukuu zake, akisema wanafurahi tu. Nikamwonyesha gurudumu la nyuma na kumwuliza kama mjukuu akiteleza ataangukia wapi. Aliwaita akawashusha mwenyewe.

Tena iko shafti izungukayo nyuma, ile inayoendesha pampu na mashine ya kupukuchulia mahindi. Huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Ikikamata pindo la kanga, au shati lisilofungwa, humviringisha mtu kabla hajapiga kelele. Kifuniko chake kisiondolewe, na asiikaribie mtu mpaka injini imezimwa, hata kama punje zimeziba na watu wanaharakisha.

Tulikaa majuma matatu tukijifunza pasipo kugusa shamba. Tulisimamisha vijiti katika kiwanja kitupu, na kijana akaendesha katikati yake mbele na nyuma, kisha na tela, ambalo likirudishwa nyuma lamtia aibu hata hodari. Mzee naye alipanda. Alikuwa na miaka sitini na zaidi, akasema hana haja ya kuendesha. Nikamwambia asiyejua kuendesha hawezi kujua anapodanganywa. Siku ya tatu aliweza kwenda na kurudi, na watu wa mtaa wakatoka kumtazama.

Mvua ya Tabora huanza kwa desturi mwezi wa Novemba na kwisha Aprili, na trekta inayoharibika Novemba imekula mwaka mzima. Kwa hiyo mambo ya plau tuliyamaliza kabla. Plau ya sahani 3 hukata upana wa kama sentimeta 80. Trekta ikienda kilometa 5 kwa saa, hiyo ni mita za mraba 4,000, karibu ekari 1. Lakini kuna kugeuka na kusimama, basi uhesabu robo tatu ya ekari kwa saa. Asemaye analima ekari 3 kwa saa na plau hiyo, ama hasemi kweli, ama anakwaruza tu. Kichanga cha mlimani hakitaki kina kirefu. Inchi 6 zatosha, maana ukienda chini sana unaleta juu udongo usio na rutuba. Mbugani, kwenye udongo mweusi, usiingie kukiwa na maji. Finyanga donge mkononi. Likinata na kung’aa, ngojea, kwa kuwa gurudumu litaukandamiza udongo ule uwe kama kigae. Na mahali penye mteremko lima kukingama na mteremko, wala si kushuka nao, ama mvua ya Januari itapita katika mifereji uliyoichimba mwenyewe.

Gurudumu likiteleza, dizeli na tairi vyapotea. Weka alama ya chokaa juu ya tairi, uende mizunguko 10 na plau imeinuliwa, upime kwa hatua. Kisha mizunguko 10 na plau ardhini. Tulipopima, ilikuwa hatua 52, kisha 39, yaani robo ya mwendo imepotea. Tukapunguza kina na kuongeza uzito wa magurudumu, tukapata 45. Hapo si pabaya.

Jambo la mwisho nililowapa ni daftari. Kila siku waandike saa za injini, dizeli iliyotiwa, ekari zilizolimwa, na jina la aliyelimiwa. Majirani watakuja, nao ni ndugu, na kila mmoja atasema “nilimie kidogo tu, nitakulipa mavuno.” Ukijaza tangi kabla na baada ya ekari moja utajua dizeli yake, walakini bei inayolipa dizeli tu ni hasara, kwa kuwa tairi, oili, sahani na deni havimo ndani yake. Mzee alitenga kopo la sehemu ya matengenezo, akaliweka kwa mkewe, maana alisema kwake mwenyewe halitakaa.

Saa ya 50 ilitimia mwezi wa Desemba, katikati ya kulima, siku ambayo kila mtu alitaka trekta iendelee. Kijana mwenyewe ndiye aliyesema isimame. Tuliimwaga oili ingali na moto, ndani ya beseni pana, chini ya ule mwembe. Ilikuwa nyeusi. Mzee akachovya kidole akakigeuza juani, na juu ya kidole tukaona vumbi laini la chuma likimeta kama mizani ya samaki. Akakitazama muda mrefu.

“Na hii ingebaki ndani?”

“Ingebaki, Mzee.”

Oili ile iliyochakaa tuliitia katika dumu tukalifunga, isimwagwe karibu na kisima, wala isipakwe vidonda vya ng’ombe kama wengine wafanyavyo. Chujio jipya lilifungwa kwa mkono, bolti zikakazwa, na kijana akaandika katika daftari: saa 51, oili imebadilishwa. Saa tisa walirudi shambani.